Samuel Coleridge-Taylor na Gini 15

Mfinyanzi akimaliza chungu chake hukigonga kwa kidole, akajua mara moja kama kina ufa. Mshairi akimaliza shairi lake huweza kulighani mwenyewe chini ya mwembe. Lakini mtunzi wa muziki wa okestra ana dhiki ambayo hao hawanayo: kazi yake ikiisha kuandikwa karatasini, bado ni bubu. Ili isikike hapana budi wapatikane watu 50 au 60 wenye fidla, zumari, tarumbeta na ngoma. Apatikane wa kuwaongoza. Upatikane ukumbi, na siku za mazoezi. Na watu wote hao wanataka kula. Kwa hiyo habari za watunzi wa namna hii ni habari za milango: nani alibisha, nani alifungua, na aliyeingia alitozwa nini mlangoni. Nimechagua kueleza habari za mtunzi mmoja tu, ambaye milango mingi ilimfungukia mapema, na hata hivyo alikufa bila akiba.

Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa London tarehe 15 Agosti 1875. Baba yake, Daniel Taylor, alikuwa mtu wa Sierra Leone aliyekwenda Uingereza kusomea udaktari, kisha akarudi Afrika Magharibi; mtoto akalelewa Croydon, upande wa mama yake, Alice, aliyekuwa Mwingereza. Nyumba yao haikuwa ya watu wenye mali. Babu yake alikuwa fundi wa kupigilia farasi viatu vya chuma, lakini alijua kupiga fidla, na ndiye aliyemtia mtoto fidla mkononi. Huo ndio mlango wa kwanza, nao ulikuwa nyumbani.

Mlango wa pili ulikuwa kanisani. Kanali Herbert Walters, msimamizi wa kwaya mjini Croydon, aliisikia sauti ya kijana huyu, akamchukua kwaimbani, na mwaka 1890 akamsaidia kuingia Chuo cha Kifalme cha Muziki. Kijana alikuwa na umri wa miaka 15. Aliingia kama mpigaji fidla, lakini utunzi ulimvuta zaidi, akawekwa chini ya mwalimu Charles Stanford, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Mwaka 1893 alipata msaada wa masomo kwa ajili ya utunzi. Faida kubwa ya chuo kile, kwa maoni yangu, haikuwa masomo peke yake. Chuo kilikuwa na okestra ya wanafunzi. Mwaka 1896 okestra hiyo ilipiga sehemu za simfoni yake, na hivyo akasikia kwa masikio yake lililo zuri na lililopwaya. Sehemu ya mwisho ya simfoni ile ilimsumbua sana. Aliiandika na kuiandika tena, kwani Stanford hakuridhika.

Mwaka 1898 ndipo jina lake lilipotoka nje. Watu wa Tamasha la Kwaya Tatu, ambalo lilikuwa likifanyika Gloucester mwaka huo, walimwomba Edward Elgar awatungie kazi fupi ya okestra. Elgar alikuwa na shughuli nyingi. Hakukataa akanyamaza, aliwapa jina la Coleridge-Taylor, na kuwasihi wampe kijana huyo nafasi. Tukumbuke kwamba Elgar mwenyewe wakati huo alikuwa na umri wa miaka 41, wala hajawa mtu mashuhuri kama alivyokuja kuwa baadaye. Mtu mwenye njaa akimwachia mwenziwe tonge, tendo lake lina uzito. Kazi iliyopatikana kwa njia hiyo, Baladi katika A ndogo, ilipigwa Septemba 1898, mtunzi mwenyewe akiongoza, nayo ikapendwa.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Stanford aliongoza, chuoni, kazi yake iitwayo Karamu ya Arusi ya Hiawatha, ya kwaya na okestra, yenye maneno ya mshairi wa Kimarekani Longfellow. Kwaya za Uingereza ziliishika kama moto unavyoshika nyasi kavu. Nakala ziliuzwa maelfu kwa maelfu. Na hapa ndipo penye uchungu, maana Coleridge-Taylor alikuwa amewauzia wachapaji haki zake zote kwa gini 15. Gini moja ilikuwa shilingi 21 za Kiingereza. Basi alipata pauni 15 na shilingi 15, na baada ya hapo mrabaha haukumhusu.

Mwaka mmoja nilipokuwa nikisimulia habari hizi darasani, mwanafunzi mmoja alisema waziwazi kuwa mtu huyo alikuwa mjinga. Nilimwomba afikiri tena. Mtunzi alikuwa na umri wa miaka 23. Kuuza haki zote kwa mkupuo ilikuwa desturi ya biashara ile, na hakuna aliyeweza kubashiri kwamba kazi ile ingependwa namna hiyo. Tena, mkononi mwa kijana asiye na kitu, gini 15 za leo huonekana nzito kuliko gini 1,000 za kesho. Wachapaji nao hawakuvunja sheria. Lakini jambo linaweza kuwa halali na bado likawa la dhuluma.

Mwaka 1899 alimwoa Jessie Walmisley, aliyesoma naye chuoni, ijapokuwa wazazi wa msichana walipinga kwa sababu ya rangi yake. Wakapata watoto wawili. Tangu hapo aliishi kwa kufundisha, kuongoza kwaya na kuamua mashindano ya muziki, akisafiri kwa treni huku na huku, na kutunga katika saa zilizobaki. Sifa hazikukosekana. Mwaka 1900 alihudhuria Mkutano wa Waafrika Wote uliofanyika London. Watu weusi wa Washington walianzisha mwaka 1901 chama cha kwaya chenye jina lake, na mwaka 1904 akavuka bahari kwenda kuwaongoza. Alirudi Marekani mwaka 1906 na 1910. Watu waliompigia makofi walikuwa wengi kuliko waliomlipa.

Alianguka katika kituo cha treni cha West Croydon, na tarehe 1 Septemba 1912 akafa kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka 37. Sheria mpya ya haki za watunzi ilikuwa imeanza kutumika miezi miwili tu kabla. Mfalme George V alimpa mjane pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Watu wakauliza inakuwaje kazi inayoimbwa kila mji isimlishe mke wa aliyeitunga. Mwaka 1914 kikaundwa chama cha kukusanya malipo kila muziki upigwapo hadharani, na kisa cha Coleridge-Taylor kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma waanzilishi wake.

Toka 1924 hata 1939 Hiawatha ilichezwa karibu kila mwaka katika ukumbi mkubwa wa Royal Albert Hall, kwa waimbaji mamia na mavazi ya manyoya. Binti yake, Avril, alishika kazi ya baba. Mwaka 1915 alipata nafasi ya masomo ya utunzi na piano katika Trinity College of Music, chuo ambacho baba yake aliwahi kufundisha.