Zamu, Pono na Mfu wa Daftarini

Anayetaka kulielewa neno mchakato aende Rumonge wakati wa kukamua mawese. Mji huu wa mwambao wa Tanganyika, upande wa Burundi, uko kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura, na michikichi ndiyo sura yake. Chikichi huchambuliwa kutoka kwenye mkungu, huchemshwa pipani hadi zilainike, hupondwa, hukamuliwa, kisha mafuta hurudishwa motoni ili maji yakauke. Hatua zote hizo kwa pamoja ndizo kuchakata. Chikichi zilizolala chini ya mti si mchakato, wala maelezo ya namna ya kuzikamua. Mchakato upo pale tu kazi inapoendelea.

Ndiyo maana nawasifu waliolipeleka neno hili kwenye kompyuta. Programu ni maagizo yaliyohifadhiwa diskini, yametulia. Ukiifungua, mfumo endeshi huipa namba na kuitengea sehemu ya kumbukumbu, na kuanzia hapo pana mchakato. Programu moja ikifunguliwa mara mbili inaweza kuzaa michakato miwili, kila mmoja na namba yake na mambo yake. Mwambao huu umezoea kukopa maneno ya mashine kutoka Kifaransa, lakini kwa hili hakuna haja ya kukopa.

Kuna jambo moja tu ambalo mashine ya kukamulia haiwezi. Mzigo wa mtu ukishaingia, wengine hungoja hadi uishe. Kompyuta za miaka ya 1950 nazo zilikuwa hivyo: kazi ya kwanza imalizike, ndipo ya pili ianze. Mwaka 1961, Fernando Corbató na wenzake wa MIT walionyesha mfumo ulioweza kuisimamisha kazi katikati, ukaiingiza nyingine, kisha ukairudisha ile ya kwanza pale pale ilipoachia. Ni kama kuutoa mzigo uliokamuliwa nusu, kukumbuka skrubu ilifika wapi, kumkamulia jirani kidogo, halafu kuurudisha wa kwanza bila tone kupotea. Kinachokumbukwa ndani ya kompyuta ni namba zilizomo kwenye rejista za prosesa, pamoja na mahali lilipo agizo linalofuata. Kiini cha mfumo huziandika kwenye kumbukumbu, hupakia za mchakato mwingine, na kazi inaendelea. Hayo yote hufanyika mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, ndiyo maana muziki haukatiki wakati unaandika barua.

Tendo hilo wengine huliita kubadili muktadha. Silipendi. Muktadha ni wa maneno: mambo yanayolizunguka neno na kulipa maana. Hapa hakuna maana inayobadilika. Kuna hali inayohifadhiwa na zamu inayohama. Mimi huandika kuhamisha zamu, na wanafunzi huelewa kabla sijamaliza sentensi.

Zamu ndilo neno ninalolipigania kuliko yote. Sehemu ya mfumo inayoamua nani atumie prosesa sasa imeitwa mpanga ratiba, ilhali ratiba hupangwa mapema na kubandikwa ukutani. Huyu huamua papo hapo, kila mara upya. Foleni nayo haitoshi, kwa kuwa foleni humtanguliza aliyewahi. Mwaka 2007 Ingo Molnár aliuwekea mfumo endeshi wa Linux utaratibu uliopima kila mchakato umetumia prosesa kiasi gani, kisha ukautanguliza uliopata kidogo kuliko yote. Utaratibu huo ulirithiwa na mwingine mwaka 2023, ila nia ya kugawa kwa haki ilibaki. Anayefanya kazi hiyo aitwe mgawa zamu.

Katika Linux kila mchakato una namba kati ya -20 na 19, ambayo Kiingereza kiliipa jina la upole. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo mchakato unavyowaachia wengine nafasi. Kiswahili kina tendo kamili la jambo hilo, kupisha. Nipishe, husema mwenye mzigo kichwani, nawe unasogea bila kuacha safari yako. Kiwango cha kupisha, basi.

Mchakato unaongoja kitu hausumbui prosesa; hulala. Kuna usingizi mwepesi, unaoweza kukatizwa na ishara. Kuna na ule wa mchakato unaongoja jibu la diski, ambao hata amri ya kuua haiuamshi mpaka jibu lifike. Huo ni usingizi wa pono, wala sitafuti jina jingine. Pono ni samaki wa baharini, hajui Tanganyika. Wavuvi wa migebuka na ndagala hawajawahi kumvua. Ila usemi wake ulipanda na lugha hadi ziwani.

Lugha ya ukoo imeingia vizuri: mchakato mzazi huzaa mtoto, mtoto aliyefiwa na mzazi ni yatima, na yatima kwa kawaida hulelewa na mchakato namba 1. Penye matatizo ni kwa yule aliyekufa lakini bado anaonekana kwenye orodha. Nimesikia akiitwa msukule. Hapana. Msukule, kwa wanaoamini, hutumikishwa usiku kucha. Huyu hafanyi kazi yoyote na kumbukumbu yake imesharudishwa. Kilichobaki ni mstari mmoja wenye namba yake na taarifa ya jinsi alivyomaliza, ukimngoja mzazi aje kuisoma. Namwita mfu wa daftarini. Jina hilo linamwonyesha fundi pa kuanzia: kumuua tena hakusaidii, kwani hana uhai wa kutolewa. Wa kushughulikiwa ni mzazi. Ama programu yake irekebishwe ili aisome taarifa ya mtoto, ama afungwe yeye, na mlezi namba 1 aisome kwa niaba yake.