Kwa nini mti uliochunwa gome hufa polepole

Mti uliochunwa gome kuuzunguka shina haunyauki siku hiyo. Majani yake huweza kubaki mabichi kwa miezi kadhaa, jambo ambalo limewafanya wengi kudhani kuwa gome ni vazi tu la mti. Hata hivyo, mti huo umekwisha kuhukumiwa kifo.

Mimea mingi ina njia mbili za usafirishaji. Ya kwanza, zailemu, imo ndani ya mbao yenyewe, nayo hupandisha maji na madini ya udongoni, kama vile nitrati na potasiamu. Mirija yake ni seli zilizokufa, wala hakuna pampu inayoyasukuma maji hayo. Jua liwakapo, maji hutoka majanini yakiwa mvuke kupitia vitundu vidogo mno. Kwa kuwa chembe za maji hushikamana, zinazotoka huzivuta zinazofuata, mvuto ukafika hadi mizizini. Henry Dixon na John Joly wa Dublin waliieleza nadharia hiyo mwaka wa 1894. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayofyonzwa na mizizi hupotelea hewani kwa namna hii, na ndiyo sababu mkulima mzoefu huhamisha miche jioni.

Njia ya pili, floemu, ni ya seli hai na imo upande wa ndani wa gome. Hubeba sukari iliyotengenezwa majanini na kuipeleka mizizini, kwenye matunda na viazi. Vidukari wanaosumbua sukumawiki hudunga mdomo papo hapo, kwenye utamu.

Gome likitolewa pande zote, maji huendelea kupanda ilhali sukari haishuki. Mizizi hula akiba yake, na ikiisha hufa njaa. Ndipo majani nayo yakakosa maji.

Muiri, mti wa misitu ya milimani kama vile Mlima Kenya, umeponzwa na jambo hili. Gome lake hutengenezewa dawa ya kuvimba kwa tezi dume, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa hudhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Nchini Cameroon, utaratibu uliopendekezwa ni kuchuna robo mbili tu za shina zinazokabiliana, tena kwa mti wenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 30. Robo mbili zinazosalia huendelea kuilisha mizizi huku gome jipya likiota.