Kifafa na Kifafa cha Mimba: Istilahi Mbili katika Bonde la Kilombero

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jina moja lilivyobeba maradhi mawili, na jinsi jambo hilo linavyomgusa mama mjamzito anapopewa dawa. Mfano wetu watoka katika bonde la Kilombero na milima ya Mahenge iliyo kusini mwake.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo unaomwangusha mtu mara kwa mara, pengine kwa miaka mingi. Huko Mahenge neno hilo lilikuwa zito. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha huko kliniki ya kifafa. Aliwakuta wagonjwa wakila peke yao, kwa kuwa watu waliamini kwamba mate yao huambukiza. Wengine walikuwa na makovu ya moto, kwani aliyeanguka motoni aliogopwa kuguswa. Aliwapa vidonge vya fenobabitali, na wengi wakapata nafuu. Hata hivyo hofu haikutoweka. Tena, kwa kuwa nchini Tanzania kifafa hutibiwa mara nyingi pamoja na magonjwa ya akili, wako wanaodhani kuwa mwenye kifafa ni mwenda wazimu.

Istilahi ya kifafa cha mimba imejengwa juu ya neno hilo hilo. Mtoto akikakamaa kwa homa, watu husema ana degedege. Mama mjamzito hakupata jina lake mwenyewe, bali aliazimwa la kifafa. Jina limefuata dalili, wala halikufuata chanzo. Kifafa cha mimba hutokana na mimba yenyewe, hasa baada ya wiki ya 20, na huandamana na kupanda kwa shinikizo la damu. Pengine humpata mama baada ya kujifungua. Utafiti wa kimataifa uliotangazwa mwaka 1995 ulithibitisha kwamba dawa iliyo bora ya kuzuia mishtuko hiyo isirudi ni sindano ya magnesi salfeti.

Ieleweke basi kwamba kuchanganya majina haya ni hatari. Mwanamke mwenye kifafa aliyezoea vidonge, akisoma tangazo lisemalo tu “mjamzito asitumie dawa”, huenda akaviacha ghafula. Hapo mishtuko yaweza kumjia mfululizo, ikamwua yeye na mtoto. Kwa upande mwingine, si kila dawa ya kifafa ni salama: valproeti yaweza kumlemaza mtoto tumboni. Kwa hiyo mabadiliko ya dawa ni kazi ya daktari, na yafaa yafanywe kabla ya mimba kutungwa. Naye aliyepatwa na kifafa cha mimba akapona, hastahili kurudi kijijini na jina la ugonjwa asio nao.

Kwa sababu hizo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, “kifafa cha mimba” kiandikwe kikamilifu kila mara, katika kadi za kliniki na katika vitabu vya shule, wala kisifupishwe kuwa “kifafa”. Pili, mwenye kifafa asitajwe kamwe kwa maneno ya wazimu. Tatu, mfasiri wa maelezo ya dawa aandike wazi: “Ukishika mimba, usiache dawa zako kabla ya kumwona daktari.” Mama anayesafiri kutoka kijijini hadi hospitali ya Ifakara akiwa na karatasi mkononi, usalama wake waweza kutegemea maneno hayo machache.