Skapulari ya Karmeli: namna ya kuipokea, namna ya kuivaa, na juu ya nini haiko dawa

Kule Bule, Fataki, Drodro ao hapa Bunia mjini, ukiangalia vizuri shingoni mwa wakristo wakatoliki utaona wengine wanavaa kamba mbili nyembamba zinazoingia ndani ya nguo. Mbele, kifuani, kunaninginia kipande kidogo cha kitambaa cha rangi ya udongo. Nyuma, mgongoni, kuko kingine kama hicho. Ndiyo skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Wengine walivikwa na padri, wengine walipewa na rafiki, wengine waliinunua tu na kuivaa bila kuuliza.

Maswali juu yake yako mengi. Inatoka wapi? Ni nani anaruhusiwa kuivaa? Ikipotea wakati wa kukimbia vita, inakuwa je? Na lile swali ambalo watu wanaliuliza kwa sauti ndogo: inaweza kumkinga mtu na risasi? Habari hii inajibu moja kwa moja, kufuatana na mafundisho ya Kanisa Katoliki.

Jina na asili yake

Neno skapulari linatoka katika Kilatini, scapulae, maana yake mabega. Zamani watawa walikuwa wanavaa kitambaa kirefu juu ya kanzu yao, kinachopita kwenye mabega na kushuka mbele na nyuma. Ilikuwa nguo ya kazi: kulima, kupika, kufagia. Kisha ikawa sehemu ya vazi la shirika.

Wakarmeli walianza kama wakaa-pweke juu ya Mlima Karmeli, karibu na Haifa, katika nchi takatifu. Kati ya 1206 na 1214 Alberto, patriarka wa Yerusalemu, aliwaandikia kanuni ya maisha. Vita vilipozidi kule, wengi walikimbilia Ulaya. Kwa hiyo shirika hili pia linajua ni nini kuacha mlima wako na kuanza upya katika nchi ya wengine.

Mapokeo ya Karmeli yanasema kwamba tarehe 16 Julai 1251, kule Uingereza, Bikira Maria alimtokea Simoni Stock, mkubwa wa shirika, akamwonyesha skapulari kama alama ya ulinzi wake. Wataalamu wa historia wanabishana juu ya tukio hilo, sababu maandishi yanayolisimulia ni ya miaka mingi baadaye. Kanisa halimlazimishi mtu kuliamini kama anavyoamini Injili. Lakini desturi yenyewe imekubaliwa na mapapa wengi. Mwaka 2001, wakati wa kukumbuka miaka 750, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia Wakarmeli barua, na mule alisema yeye mwenyewe anaivaa tangu zamani.

Walei walipotaka kushiriki roho ya watawa hao, walipewa nguo ile kwa umbo dogo: vipande viwili na kamba mbili. Kwa hiyo kile kitambaa kidogo ni nguo iliyofupishwa. Mwenye kuivaa anasema: mimi pia niko wa nyumba hii. Na sisi wa Ituri hatuko mbali na nyumba hiyo, sababu mapadri Wakarmeli wamefanya kazi hata Nioka.

Isidore Bakanja, mkongomani aliyekufa nayo shingoni

Ili kuelewa skapulari, hakuna mfano unaotufaa kupita ule wa mwana wa nchi yetu. Isidore Bakanja alizaliwa katika miaka ya 1880, kule Bokendela, katika jimbo la zamani la Équateur. Wakati huo Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na kompani za wazungu zilikuwa zinatafuta mpira na pembe za tembo kwa nguvu na kwa fimbo.

Kijana Bakanja alienda kutafuta kazi Mbandaka, mji ulioitwa Coquilhatville, akawa msaidizi wa mafundi wa kujenga. Huko alikutana na wamisionari Watrapisti. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906. Siku zile mkristo mpya alipewa rozari na skapulari, na watu wa pale walimtambua mkristo kwa alama hizo mbili. Mwaka huohuo alipata kipaimara, na mwaka uliofuata komunyo ya kwanza.

Mkataba wake wa kazi ulipoisha, alirudi kwao, kisha akaingia kazi ya nyumbani kwa mzungu wa kompani ya SAB, ile Société Anonyme Belge. Alimfuata bwana wake mpaka kituo cha Ikili. Mkubwa wa kituo kile aliitwa Van Cauter, na hakutaka kusikia habari ya dini. Alisema wafanyakazi wakijifunza sala, kazi haitaendelea. Alimkataza Bakanja kusali na kufundisha wenzake. Kisha akamwamuru avue skapulari.

Bakanja alikataa. Hakutukana, hakupigana. Aliendelea na kazi yake na sala yake.

Mwezi wa pili wa 1909 Van Cauter alimkamata, akaamuru apigwe. Fimbo ilikuwa ya ngozi ya tembo, yenye misumari kwenye ncha. Alipigwa zaidi ya mara mia moja. Mgongo, pale ambapo kipande cha nyuma cha skapulari kinakaa, ulichanika mpaka mifupa. Baadaye mkaguzi wa kompani alipotarajiwa kufika, Bakanja alifukuzwa kituoni ili mkaguzi asimwone. Hakuweza kutembea vizuri. Alijikokota, akajificha porini, na mkaguzi akamkuta katika hali ile. Mtu huyo, mzungu kwa mzungu, alishikwa na uchungu, akamchukua ili atunzwe.

Vidonda vilioza. Mwezi wa saba mapadri wawili wa Trapisti walimfikia, wakampa sakramenti. Walimwomba amsamehe aliyempiga. Alijibu kwamba amekwisha kumsamehe, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa mwezi wa nane 1909, baada ya miezi sita ya maumivu, rozari mkononi na skapulari shingoni. Tarehe 24 Aprili 1994, wakati maaskofu wa Afrika walikuwa Roma katika Sinodi, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri.

Basi, mtu asome habari hii polepole. Skapulari haikuzuia fimbo. Haikufunga vidonda. Bakanja hakuivaa ili asipigwe: alipigwa sababu aliivaa. Kama ingekuwa dawa, tungesema dawa ilishindwa. Lakini Kanisa linamwita shahidi, maana alichokuwa anakilinda kilikuwa ahadi yake, wala hakukichukua kitambaa kama ngao.

Dawa ya vita na alama ya imani

Katika Djugu yetu jambo hili si la mchezo. Tangu vita vya 1999 mpaka leo, vijana wengi wameona wapiganaji wakifungwa vitu shingoni, mkononi, kiunoni, wakiambiwa risasi itageuka maji. Tumezika wengi walioamini hivyo. Kwa hiyo mtu akiona kamba shingoni mwa mkristo, anafikiri ni ileile, tofauti ni kwamba imebarikiwa na padri.

Tofauti iko kubwa. Dawa inafanya kazi yenyewe, bila kuangalia moyo wa mtu: hata mwizi akiivaa, anaamini itamkinga. Ina masharti ya kuogopesha, na ukiyavunja inakugeukia. Tena mara nyingi inatafutwa ili kumshinda mtu mwingine. Skapulari haina nguvu yake yenyewe. Inamkumbusha mtu ubatizo wake na kumwomba aishi kama Maria: asikilize Neno, asali, asaidie, asamehe. Mafundisho ya Kanisa yanasema wazi kwamba isichukuliwe kama hirizi ya kuleta wokovu yenyewe, wala kama ruhusa ya kuishi vibaya. Mwenye kuivaa na anaenda kuchoma nyumba ya jirani anavaa uongo.

Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Februari 2022, wakimbizi wa ndani kama sitini waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, karibu na Bule. Baada ya kifo kama hicho kuna maneno yanayoumiza kuliko kunyamaza: kumwambia mama aliyefiwa kwamba mtoto wake angeomba zaidi, angevaa kitu fulani, angepona. Habari ya Bakanja inafunga maneno hayo. Mtu akifa na skapulari shingoni, hakuna anayeweza kusema imani yake ilikuwa ndogo ao Bikira Maria alimwacha. Ulinzi unaosemwa na Kanisa ni wa kusindikizwa: katika maisha, katika saa ya kufa, na mbele ya Mungu. Sala ya kuomba usalama iko nzuri, na kila mama anaisali usiku. Lakini haigeuzwi kuwa mapatano na risasi.

Namna ya kuipokea

Mwenye kutaka skapulari aanze kwa padri wa parokia yake, ao kwa Wakarmeli pale wako. Katekista ao kiongozi wa shirika la msingi anaweza kumsaidia. Kwanza afundishwe maana yake. Mtu asiivae kwa kufuata wengine.

Ibada yenyewe ni fupi. Kuna salamu, somo la Neno la Mungu, maombi, kisha padri ao shemasi anabariki skapulari, anaipitisha kwenye mabega ya mtu na kumwambia maneno ya kuipokea. Mara nyingi inafanyika kwa kundi, tarehe 16 Julai, sikukuu ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Lakini siku nyingine pia inafaa.

Kuvikwa kunafanyika mara moja tu katika maisha. Hakumfanyi mtu kuwa mtawa, na hakuna nadhiri. Analojitolea kufanya ni la kila mkristo: sala ya kila siku, misa, kitubio, upendo kwa jirani, na kumwiga Maria. Padri anaweza kumshauri sala fulani, kama rozari.

Baraka haiuzwi. Kinacholipwa, kama kiko, ni bei ya kitambaa. Mama mwenye sindano anaweza kushona mwenyewe: vipande viwili vya kitambaa cha rangi ya udongo, vya sufu kama vinapatikana, na kamba mbili. Picha si lazima.

Maswali yanayorudi mara kwa mara

Ikichakaa ao ikipotea? Unavaa nyingine. Huhitaji kuvikwa tena. Hata ikiungua pamoja na nyumba, ao ikibaki njiani wakati wa kukimbia, wewe bado uko yule uliyevikwa.

Ile ya zamani inatupwa wapi? Kitu kilichobarikiwa hakitupwi kwenye takataka. Kinachomwa ao kinazikwa ardhini kwa heshima.

Kuivua ni dhambi? Hapana. Unaweza kuivua ukioga, ukifanya kazi ya matope, ao muganga akitaka kukupima. Hakuna laana inayokufuata.

Medali inaweza kuchukua nafasi yake? Ndiyo, tangu ruhusa ya Papa Pio wa Kumi mwaka 1910. Upande mmoja iwe na Moyo Mtakatifu wa Yesu, upande mwingine picha ya Bikira Maria. Lakini mtu anavikwa kwanza ile ya kitambaa.

Na ile ahadi ya kutolewa toharani Jumamosi? Hati ya zamani inayosemwa ni ya Papa Yohane wa Ishirini na Mbili, wataalamu wameonyesha si yake. Kanisa linaruhusu kuamini kwamba Maria anawaombea marehemu wake, zaidi siku ya Jumamosi iliyowekwa kwa heshima yake. Lakini hakuna tiketi.

Rangi nyingine je? Ziko: nyeupe, nyekundu, buluu, na kila moja ina historia yake. Ile ya kijani haihitaji mtu kuvikwa.

Mkatoliki asiyeivaa amekosa? Hapana. Ubatizo ndio vazi la kwanza. Skapulari ni msaada, na anayeutaka anaupokea kwa hiari.

Jirani wa CECA 20 ao wa Anglikana akisema ni sanamu? Mjibu kwa upole. Mwambie huisujudu wala huiombi, ni nguo ya kukukumbusha uko wa nani. Kisha mwache aangalie maisha yako, sababu ndipo atapata jibu. Van Cauter alimwona Bakanja akiwa na kitambaa kidogo shingoni. Kilichofanya watu wamkumbuke mpaka leo ni ule msamaha.