Kosa, Kasoro na Hitilafu

Katika maandishi mengi ya Kiswahili kuhusu kompyuta, maneno matatu hupokezana nafasi kana kwamba ni pacha: kosa, kasoro na hitilafu. Mwandishi akilichoka moja hushika jingine, ili asijirudie. Naona huo ni ufujaji. Lugha imekwisha kututenganishia mambo matatu, nasi tunayachanganya upya, hata tunapoandika juu ya programu ambazo kazi yake yote ni kukaa kati ya pande mbili.

Nazungumzia proksi za kanzidata. Kanzi ni hazina, na mbele ya hazina hiyo ya data huwekwa wakala: kwa mteja husimama badala ya seva, na kwa seva husimama badala ya mteja. Mmoja wao ni PgBouncer, programu iliyotoka Skype mwaka 2007 kwa ajili ya kanzidata ya PostgreSQL. PostgreSQL huanzisha mchakato wake kwa kila muunganisho, na usipobadilisha mipangilio hukubali miunganisho 100 tu. Kwa hiyo wakala huweka akiba ya miunganisho iliyokwisha kufunguliwa. Mteja huazimwa mmoja, akimaliza kazi yake huuachia, naye mwingine akapewa.

Wakala huyo ameugua maradhi yote matatu, na kila moja lilitaka tiba yake.

Kosa lina mwenyewe. Palikuwa na shabaha, mtu akaikosa. Toleo 1.16.1 la mwaka 2021 lilirekebisha jambo la namna hiyo. Pale wateja walipotambuliwa kwa vyeti vya kidijitali, baiti zilizofika kabla mawasiliano hayajasimbwa zilibaki kwenye bafa, kisha zikasomwa kana kwamba zimepita katika njia salama. Mvamizi aliyejipenyeza njiani angeweza kutanguliza amri zake. Msimbo ulikubali kisichopaswa kukubaliwa, na mrekebishaji alijua pa kwenda: kwenye hatua ile ile, akaufanya ukatae.

Kasoro haihitaji mkosaji. Tunaisikia kila siku katika kutaja saa: saa tatu kasoro robo. Kuna kilichopungua, na kiasi chake kinajulikana. Msimamizi wa PostgreSQL anaweza kuiwekea nywila tarehe ya mwisho. Lakini ulizo ambalo PgBouncer ililitumia kwa kawaida kuchukua nywila kutoka kwenye seva halikugusia tarehe hiyo, hivyo nywila iliyokwisha muda iliweza kuendelea kumwingiza mtu. Kila kilichoandikwa katika ulizo lile kilikuwa sawa, ila sharti moja halikuwamo. Toleo 1.24.1 la mwaka 2025 liliongeza sharti hilo.

Hitilafu inataka wawili. Asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya kutofautiana, na Kiswahili kimeitunza maana hiyo katika kitenzi: watu huhitilafiana, mtu peke yake hawezi. Sioni neno linaloifaa zaidi shida kubwa ya mawakala wa kanzidata.

Mteja anaweza kuandaa kauli mara moja, akaipa jina, kisha akaiita kwa jina hilo tena na tena bila seva kuichanganua upya. Kauli hiyo huishi ndani ya muunganisho mmoja tu. Wakala akigawa miunganisho muamala kwa muamala, mteja huandaa kauli kwenye muunganisho huu na kuiita kwenye ule. Seva hujibu kwamba kauli haipo. Mteja ni mkweli, kwa kuwa aliiandaa. Seva ni mkweli pia, kwa kuwa kwenye muunganisho ule haijapata kuandaliwa. Wakala naye amefuata kanuni zake. Mkague kila mmoja peke yake, hutaona ubaya wowote.

Kiingereza huyaita yote matatu mdudu, sitiari ambayo Thomas Edison aliitumia mwaka 1878. Mdudu huingia, husakwa, huuawa. Katika kisa hiki hakuna aliyeingia.

Kwa miaka mingi watu walishauriwa kuziepuka kauli hizo katika ugawaji wa aina ile. Oktoba 2023, toleo 1.21 lilimpa wakala kumbukumbu. Huandika kila kauli iliyoandaliwa kwa ujumbe wa itifaki, huipa jina lake la ndani, na muunganisho aliouchagua usipoijua huiandaa hapo kwanza. Zile zinazoandaliwa kwa amri ya PREPARE zilibaki nje ya mpango huo. Hakuna upande uliosahihishwa, wawili walisikilizanishwa.

Hapa ndipo ninapoona uzito wa neno kutunza. PostgreSQL hutoa toleo kuu kila mwaka, na maktaba ambazo wateja huzitumia kuifikia hubadilika kwa wakati wake. Msimbo wa wakala unaweza kukaa bila kuguswa hata mstari mmoja, na bado hitilafu ikazaliwa, kwa kuwa waliomzunguka wamesogea. Anayetafuta kosa la mtu atapekua mabadiliko ya karibuni ya msimbo huo na kurudi mikono mitupu. Mtunzaji wa programu ya katikati hulinda maelewano, kazi isiyo na siku ya kumalizika.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kompyuta, wahariri na wote wanaoandika taarifa za matatizo kwa Kiswahili: amueni neno kabla ya kuandika. Ukisema kosa, mrekebishaji atafungua msimbo. Ukisema kasoro, atasoma upya orodha ya yaliyotakiwa. Ukisema hitilafu, atanasa mazungumzo ya pande zote mbili na kuyalinganisha ujumbe kwa ujumbe. Na kama bado hujajua ni lipi kati ya hayo, andika tatizo, kisha endelea kuchunguza.