Msimu Usio na Kushindwa

Wanafunzi wetu hapa Njombe hupenda kusema kwamba timu ndogo yenye moyo mkuu yaweza kuishinda timu yoyote. Neno hili ni jema kabla ya mchezo. Lakini yafaa tulipime kwa mambo yaliyotukia, maana kazi ya mwalimu ni kufundisha lililo kweli.

Katika nchi yetu ni timu chache zilizomaliza msimu wa Ligi Kuu bila kushindwa. Simba walifanya hivyo msimu wa 2009/10, na Yanga msimu wa 2021/22. Hizo ni timu kongwe, zilizoanzishwa miaka ya 1930, zenye wafuasi kila wilaya. Katikati yao imo Azam, na habari zake zatufaa zaidi.

Azam ilianza mwaka 2004, nayo ilikuwa timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha Dar es Salaam. Mwaka 2008 ikapanda Ligi Kuu. Msimu wa 2013/14 ikacheza michezo 26, ikashinda 18, ikatoka sare 8, isishindwe hata mmoja. Kati ya msimu mwalimu wake, Stewart Hall, aliondoka, akaja Joseph Omog wa Kameruni, wala mwendo haukukatika. Ubingwa wenyewe ulipatikana huku kwetu nyanda za juu, ng'ambo ya Makambako, katika uwanja wa Sokoine, Mbeya, mwezi wa Aprili 2014, ilipoishinda Mbeya City mabao 2 kwa 1.

Basi, je, ni moyo peke yake uliofanya hayo? Sivyo. Timu ile ilikuwa na mwenye mali aliyeitunza, na uwanja wake yenyewe huko Chamazi, na vijana waliofundishwa tangu udogo. Moyo ulikuwapo, lakini ulilishwa.

Tutazame na nyumbani. Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18, watu wakajaa furaha, na mwisho wa msimu ule ule ikashuka. Tukishika neno la wanafunzi, itatupasa kusema kwamba vijana wale hawakuwa na moyo. Huko ni kuwadhulumu. Tena mtoto aliyefundishwa kwamba moyo watosha, siku atakaposhindwa atajidharau nafsi yake, hali kosa si lake.

Liko na fundisho la pili, katika zile sare 8. Hata Preston North End ya Uingereza, isiyoshindwa katika msimu wa kwanza wa ligi yao, 1888/89, ilitoka sare michezo 4 kati ya 22. Kutoshindwa si kushinda kila siku. Ni kujua kwamba leo nguvu hazitoshi, na kulinda lango hadi filimbi ya mwisho pasipo kukata tamaa.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, kwanza tuwaombe wazazi na halmashauri kiwanja kilichosawazishwa, mipira, na saa za mazoezi zisizoibwa na kazi nyingine. Tukiisha kuwapa vijana hayo, ndipo tutakapokuwa na haki ya kuwadai moyo.