Fuwele zilivyofichua udhaifu wa ganda la VVU

WASICHANA na wanawake 2,134 wenye umri wa miaka 16 hadi 25, wa Afrika Kusini na Uganda, walipangiwa kuchomwa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka katika utafiti ambao matokeo yake yalitangazwa Juni 2024. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeambukizwa Virusi vya Ukimwi (VVU). Katika kundi la wenzao 1,068 waliopewa vidonge vya kinga vya kila siku, 16 waliambukizwa.

Sindano hiyo si chanjo. Ni dawa inayoshambulia ganda la protini linalobeba chembe za urithi za VVU, sehemu ambayo kwa miaka mingi haikuwa na dawa yoyote sokoni. Dawa nyingi za awali zililenga vimeng'enya ambavyo virusi hutumia kujinakili, na ganda likachukuliwa na wengi kuwa ni kifungashio tu.

Mtazamo huo ulibadilika baada ya umbo la ganda kufahamika kwa undani, kazi iliyotegemea zaidi fuwele za protini.

Punje ya chumvi ya jikoni ni fuwele: atomi zake zimejipanga kwa safu zisizobadilika. Protini nazo huweza kupangwa hivyo. Wataalamu huisafisha protini, huiweka katika tone la maji yenye chumvi au kemikali nyingine, kisha huliacha tone hilo likolee polepole hadi fuwele ndogo zitokee. Fuwele hupigwa mionzi ya eksirei, ambayo hutawanywa na atomi na kuacha madoa mengi kwenye kipokezi. Kutokana na nafasi na ukali wa madoa hayo, kompyuta husaidia kuchora ramani ya mahali ilipo karibu kila atomi. Dawa ikiwamo ndani ya fuwele, nayo huonekana pale iliponasa.

Njia hii haikuanzia kwa VVU. Mwaka 1985, Michael Rossmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitoa umbo la virusi vya mafua ya kawaida. Mwaka uliofuata walionyesha dawa za majaribio zikiwa zimejipenyeza katika kishimo kilichomo ndani ya protini ya ganda. Hata hivyo, pleconaril, dawa iliyotokana na jamii hiyo, ilikataliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2002. Ilipunguza siku za mafua kidogo tu, na iliingiliana na vidonge vya uzazi wa mpango. Kuona kishimo ni jambo moja. Kupata dawa inayofaa kumezwa na mtu mwenye mafua ni jingine.

Kwa VVU kazi ilikuwa ngumu zaidi. Ganda lake lina umbo la koni, limejengwa kwa protini zipatazo 1,500 za aina moja, nyingi zikiwa zimeshikana sita sita kama pete. Koni hizo hazilingani, hivyo haziwezi kujipanga kuwa fuwele. Pete zenyewe nazo, zikitolewa nje ya ganda, huachana.

Ufumbuzi ulichapishwa mwaka 2009 na Owen Pornillos, Mark Yeager na wenzao nchini Marekani. Walibadilisha viungo vichache vya protini hiyo ili majirani wafungwe pamoja kwa madaraja ya salfa. Pete ikatulia, fuwele zikapatikana, na maungo kati ya protini na protini yakaonekana wazi.

Katika maungo hayo ndimo kilimokuwa kishimo muhimu. Protini za seli ya binadamu hujishikiza humo, na virusi huzitumia kuingia katika kiini cha seli. Molekuli ya awali iitwayo PF74 ilikaa papo hapo, lakini ilikuwa dhaifu na iliharibika upesi mwilini. Lenacapavir, iliyotengenezwa na kampuni ya Gilead, hukijaza kishimo hicho na kugusa protini mbili jirani kwa pamoja. Ganda hukakamaa, safari ya kwenda kwenye kiini huzuiwa, na virusi vipya hutoka na maganda yenye kasoro.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano hiyo kwa kinga Julai 2025, katika mkutano wa Kigali, Rwanda. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 28,218 kwa mwaka. Septemba 2025 yalitangazwa makubaliano ya kuuza toleo lisilo na jina la kibiashara kwa takriban dola 40 kwa mwaka katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kuanzia 2027.

Usugu haujakosekana. Kwa baadhi ya wagonjwa, kiungo cha 66 cha protini ya ganda kimebadilika, na fuwele zimeonyesha sababu: kiungo kipya huchomoza ndani ya kishimo na kuizuia dawa isikae. Lakini virusi vyenye badiliko hilo huzaliana kwa shida, kwa kuwa kishimo hicho vyenyewe vinakihitaji.